Blogu za waandishi zinafundisha nini, na nini hazionyeshi

Wanafunzi wa uandishi wa habari wanaotaka kuijua kazi ya mtandaoni huambiwa wasome blogu za waandishi wenyewe. Ushauri huo una uzito. Gazeti hukupa habari iliyokwisha kukamilika; blogu nzuri hukuonyesha mwandishi alianzia wapi, alitilia shaka nini, na wapi alirudi kujisahihisha.

Chukua Talking Points Memo, blogu ya Marekani aliyoianzisha mwandishi wa habari Josh Marshall mwaka 2000, kura za urais za jimbo la Florida zilipokuwa zikigombaniwa. Mwanzoni mwa 2007 aliona mwendesha mashtaka wa serikali kuu kaondolewa Arkansas, na mwingine San Diego, akauliza kama kuna uhusiano. Vyombo vikubwa vilichelewa kulipa jambo hilo uzito. Mwezi Machi, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipokabidhi Bunge kurasa zipatazo 3,000 kuhusu kuondolewa huko, blogu iliwaomba wasomaji wagawane kurasa hizo na kila mmoja aandike alichokiona. Wakagundua pengo la siku 18 katika baruapepe. Agosti, Mwanasheria Mkuu Alberto Gonzales akatangaza kujiuzulu. Mwaka uliofuata Marshall akapata tuzo ya uandishi wa habari ya George Polk. Ukiyasoma machapisho hayo kwa tarehe zake, kuanzia la kwanza, unaona shaka ndogo inavyogeuka habari. Darasani sijawahi kuona somo linalolifikia hilo.

Ila unaona kile tu alichoamua kuchapisha. Simu zisizopokewa, chanzo kilichoogopa kutajwa, aya iliyofutwa kwa ushauri wa mwanasheria, vyote havimo, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Marshall pia alikuwa na waandishi aliowaajiri. Asiyejua hilo atadhani mtu mmoja na kompyuta wanatosha.

Tanzania tumeliona tatizo hili kwa karibu. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifungua blogu yake 2005, na Watanzania walio ughaibuni wakaanza kuona picha za nyumbani kabla gazeti la kesho halijachapwa. Wengi waliomfuata waliiga kasi. Matokeo yake ni taarifa ileile ya wizara kubandikwa blogu hadi blogu, neno kwa neno, na picha ileile, bila hata mtu mmoja kupigiwa simu. Simlaumu aliyeigwa. Walichokosa ni mhariri wa kuwauliza: umethibitisha na nani?

Kwa hiyo mwanafunzi asome blogu, lakini achague habari moja, aisome kwenye blogu na gazetini, afungue kila kiungo, kisha ajaribu kuithibitisha mwenyewe na kumpa mtu mwingine akague. Na kabla ya kufungua blogu yake Tanzania, azisome kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazotumika sasa; zile za 2018, zilizoanza kudai leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020. Hilo Marshall hatamfundisha.