Bunduki zitoke kwenye baryeri ya chuo

Juzi kwenye grupu ya WhatsApp ya promosyo yetu mtu alituma habari ya vyuo vya Marekani, vile wanafunzi na maprofesa wa kule wanabishana kama polisi wenye silaha wapunguzwe kwenye kampasi. Chini yake kamarade mmoja akaandika: "Wale wameshiba, hapa kwetu waongeze." Watu wakamuwekea madole gumba. Iliniuma sana. Mtu wa Lubumbashi, mwenye alilala kwenye home (mabweni) za Kassapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, anaandika vile na hakuna mwenye kumuuliza kitu?

Kwenye grupu sikujibu juu tungeishia kutukanana, njo maana naandika hapa kwa urefu.

Kwanza hao wa Marekani si watu wa kuzarauliwa. Chukua Portland State, chuo cha kule Oregon. Walinzi wake walikuwa hawabebi bunduki. 2014 wakubwa wa chuo wakapiga kura kiwe na polisi wake wenye silaha, wanafunzi wengi wakapinga, hawakusikilizwa. Mwezi wa sita 2018, nje ya bar pembeni ya kampasi, Jason Washington, baba wa familia, alikuwa anatenganisha watu wenye kupigana. Bastola ya rafiki yake, yenye alikuwa amemshikia, ikaanguka chini, akainama kuiokota, polisi wawili wa chuo wakamfyatulia, akafa. Alikuwa na kibarua posta, alikuwa zamani mwanajeshi wa majini, hakuwa na neno na mtu. 2020 chuo kikatangaza doria bila bunduki. Na ndiyo, 2023 bunduki zikaanza kubebwa tena, najua, msiniandikie. Hata kule mabishano hayajaisha.

Lakini wao walau wanabishana kuhusu polisi mwenye aliitwa kulinda. Sisi hapa, ni lini polisi mwenye bunduki aliingia kampasi kumlinda mwanafunzi? Nitajieni siku moja tu. Mwizi akipita usiku kwenye home, akachukua simu na laptop, unashinda asubuhi unatafuta polisi wa kuandika plainte (mashtaka) yako na hata kalamu hana. Ila siku wanafunzi wameomba kitu, jeep zinafika mbele ya wale wenye kuomba.

Hesabu mwenyewe. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa wakati ule, walishuka mjini kuomba bursi (pesa ya masomo) iongezwe, askari wakawapiga risasi. 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, chuo kikafungwa na wao wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha Mei 1990, hapa kwetu Lubumbashi. Mobutu alikuwa ametoka tu kutangaza vyama vingi, tarehe 24 Aprili, wanafunzi wakazani mlango umefunguka. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 umeme ukakatwa kwenye kampasi, watu wenye kufunika nyuso wakaingia home kwa home. Serikali ikasema amekufa mmoja. Wengine wakasema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano, nchi nzima ikalipa, na mpaka leo hatuna orodha ya majina yenye kila mtu anaikubali. Miaka zaidi ya 30! Kuna wazazi walizeeka hapa mjini, kwenye komine za Kenya na Katuba, bila kuambiwa mtoto wao alilala wapi ule usiku.

Mtaniambia hiyo ni ya Mobutu, imepita. Sawa. Novemba 2018, UNIKIN, chuo kikuu cha Kinshasa, maprofesa wamegoma, wanafunzi wanatoka kuomba wafundishwe: risasi, wanafunzi wakafa. Machi 2019, UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, hapa hapa, wanatoka juu ya maji na umeme: risasi, wanafunzi wakafa. Maji jamani! Mwenye aliishi kwenye home anajua vile inakuwa, bomba kavu wiki mzima, unaamka saa kumi ya usiku na mabido mawili unaenda kupanga mustari, unarudi umechelewa kozi, unasoma na mishumaa, na siku unatoka kusema imetosha unakutana na mutu mwenye anakuangalia kupitia mtutu. Mama anauza mukaa na samaki ya kukauka miaka yote kusudi mtoto asome, kisha anaitwa kuja kutambua mwili juu mtoto aliomba maji. Mi hiyo siwezi kuizoea, na nashindwa kuelewa mtu mwenye amesoma anaizoeaje.

Najua pia Januari 2020, tena UNIKIN, siku za fujo juu ya minerval (karo), askari polisi aliuawa pale. Na yeye alikuwa mtoto wa mtu, na wenye walimuua walifanya ubaya, sina la kuwatetea. Ila fikirini alikuwa anafanya nini mule ndani. Alitumwa kumaliza ugomvi wa franga kati ya wanafunzi na wizara, na ugomvi wa franga hauna polisi mwenye anaweza kuumaliza.

Kuna chuo kimoja hapa mjini nilikuwa napita mara kwa mara. Kwenye baryeri polisi alikuwa anakaa juu ya kiti cha plastiki, bunduki kwenye magoti, mkanda wake umekatika na kufungwa kwa kipande cha kitenge, mtutu unaangalia njia. Wanafunzi walikuwa wanapita wanajipindisha kidogo, kila mmoja, bila hata kusimamisha stori zao, mabinti na madaftari yao kifuani. Mableu wa wiki ya kwanza walikuwa wanatoka njiani kabisa, wanapitia kwenye majani. Na yule polisi mwenyewe alikuwa na njaa, unaona tu. Anaomba karte, kisha anaomba "sukari", usipotoa karte yako inakuwa na shida. Mshahara wenyewe haumfikishi tarehe 15. Huyo njo wanataka waongezwe?

Wenye watanitajia Garissa wana haki ya kuitaja. Tarehe 2 Aprili 2015, kule nchi ya Kenya, watu wenye silaha waliingia chuo wakaua watu 148, na polisi wa kulinda chuo walikuwa wawili. Inatisha, na sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa kwamba watu wenye silaha wanaweza kuingia popote. Lakini wenye walimaliza ile vita ni kikosi maalum kilichotoka Nairobi, na kilifika baada ya masaa mengi. Kwa hiyo dai kikosi chenye kufika haraka. Ukitaka kujua wingi peke yake unasaidia nini, angalia Uvalde, Texas, 2022: polisi 376 walifika kwenye shule ya watoto na wakangoja zaidi ya saa moja, na muuaji alikuwa mmoja, ndani ya darasa.

Usalama wa binti mwenye anatoka maktaba usiku kwenda mtaa wa Kalubwe ni taa. Taa, na majani yakatwe pembeni ya njia, na sentineli wenye wanajua wanafunzi kwa sura na wanalipwa kila mwezi. Nimeona sentineli mzee, fimbo tu mkononi, anazima ugomvi wa mabaptême (kukaribisha wanafunzi wapya) kwa kuita watu majina ya baba zao.

Naomba vitu vyenye vinawezekana hata na umaskini wetu. Polisi akae nje ya kampasi. Kama rekta anamhitaji ndani, aandike barua, aweke sahihi, na komite ya wanafunzi ipate kopi siku ile ile. Hakuna risasi za kweli kwenye maandamano ya wanafunzi, kwa sababu yoyote. Kabla ya jeep kuwashwa, mtu wa rektora, mwenye cheo, aje kusimama mbele ya wanafunzi aongee nao, hata kama wanapiga kelele, hata kama wanamtukana. Na risasi ikifyatuliwa ndani ya chuo, mwenye alitoa amri ajulikane kwa jina kabla familia haijazika.