Nyundo kwa Awamu

Mashine ya kusaga ya mjomba, pale Makambako, ina nyundo 24, yaani vipande bapa vya chuma vya kupondea mahindi, zinazoning'inia kwenye pini nne kuizunguka shafti. Kila nyundo ina pembe nne: moja ikilika unaigeuza, zikiisha zote unaitupa. Ila unazigeuza zote kwa pamoja, na unazibadilisha zote kwa pamoja. Fundi aliurudia wimbo huo kila alipokuja, mpaka na mimi mshika gunia nikaukariri.

Unga ulipoanza kutoka na chenga na mota ikawa inalalama, nilifungua nikakuta nyundo zimelika mviringo kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bafuni. Nikamwandikia mjomba ratiba kwenye daftari: grisi ya bering, mikanda yote mitatu, chekeche, seti ya nyundo. Mjomba aliziruka tarehe zote, akatua kwenye jumla.

"Seti nzima ya nini? Kwani hizi nyundo zilizaliwa siku moja?"

Akaamua tubadilishe kwa awamu. Mwezi huu moja, mwezi ujao moja. Nikapiga hesabu kichwani: ya mwisho ikiingia, ya kwanza itakuwa mzee wa miaka miwili. Nikanyamaza, mshahara wangu wenyewe ulikuwa wa awamu.

Jumamosi, foleni imefika barabarani, mjomba akachomoa pini kwa mkono wake, akafunga nyundo moja mpya inayong'aa, akawasha. Wakati inapanda kasi ilinguruma vizuri tu, hata akanikonyeza. Ilipokaribia mizunguko 3,000 kwa dakika, sauti ikabadilika. Kalenda ikadondoka ukutani. Debe la mahindi lililokuwa nyuma likaanza kuteleza lenyewe sakafuni, likampita mama mmoja, naye akafoka, "Hilo debe la nani linaruka foleni?"

Boliti ya kwanza ikang'oka na zege lake. Ya pili ikafuata. Mashine ikashika njia ya mlangoni, mfuko wa unga ukachomoka, na ndani hatukuonana tena. Watu walitoka mbio wakiwa weupe mpaka kope. Nikapapasa ukuta nikazima swichi, lakini shafti nzito hivyo haisimami kwa kuambiwa, iliendelea kutetema huku mjomba akiisihi, "Basi, mama, basi."

Aliyebaki ni bibi mmoja, kasimama kizingitini na ungo.

"Imesimama?"

"Imesimama, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe unga wangu."

Nikamweleza kwa adabu kwamba unga umetawanyika. Akanikagua toka utosini hadi kwenye ndala. "Wewe peke yako una kibaba kizima," akasema, akanivuta juu ya ungo akaanza kunifagia.

Fundi alipofika aliazima mizani ya muuza dagaa wa jirani. Akapima nyundo ya zamani, akapima mpya. Tofauti gramu 50.

"Gramu 50 tu?" mjomba akapata nguvu. "Hata dagaa haziuzwi kwa gramu 50!"

"Mzee, sentimita 20 kutoka kwenye shafti, kwa kasi ile, gramu 50 zinavuta kwa nguvu ya kilo 100 hivi. Na upande wa pili hakuna wa kuzivuta zirudi. Ulimfunga mtu mzima mle ndani, anazungushwa."

Mjomba akakaa kwenye gunia, akafikiri muda mrefu. Nikajua leo somo limeingia.

"Kwa hiyo kosa ni la hii mpya? Imezidi uzito?"

"Imezidi wenzake, ndiyo."

"Basi tuikwangue ilingane nao."

Fundi akafumbua mdomo, akaufumba. Kilichomuuma, nadhani, ni kwamba kwa upande wa mizani mzee alikuwa sahihi kabisa. Mjomba alikuwa ameshanigeukia:

"Kimbia kwa mchomelea vyuma, mwambie naomba grainda. Nitamlipa kidogo kidogo."