Ufunguo wa Akiba Hauachwi Ndani ya Nyumba

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mwenyekiti wa chama kimoja kidogo ambacho tovuti yake ilikuwa imezimika kwa siku nne. Alikuwa amekwisha kumlaumu fundi, seva na hata mtandao wa simu. Nilimwuliza jambo moja tu: akaunti ya upangishaji, yaani ile ya kampuni inayowahifadhia tovuti, ambayo kupitia kwake walilipia pia jina la kikoa (anwani ya tovuti, ile inayoishia kwa .com na mfano wake), waliiandikisha kwa anwani gani ya barua pepe? Akanitajia, kwa fahari isiyofichika, anwani ya chama inayoishia kwa kikoa chao wenyewe. Nikajua kwamba usiku huo sitalala mapema.

Anayefanya hivyo amejifungia nje, na ufunguo wa akiba ameuacha mezani, ndani. Kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, zinamtaka msajili wa vikoa kama vile .com amkumbushe mteja takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, kisha takriban wiki moja kabla, na mara moja tena ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Kikoa cha chama kile kilikuwa kimekwisha muda bila kulipiwa: taarifa mbili za kwanza zilifika katika sanduku la pamoja ambalo watu watano wana nywila yake, na kila mmoja aliamini kwamba wenzake wanne wanalisoma. Ya tatu haikuwa na pa kufikia, kwa sababu kikoa kilichokwisha muda huondolewa hewani pamoja na barua pepe zake. Mwenyekiti akabonyeza kitufe cha kuomba nywila mpya, mara ya kwanza, mara ya kumi, na kila mara akaambiwa kwamba kiungo kimetumwa. Kilitumwa kweli, tena kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, kwenye sanduku lilelile alilokuwa akihangaika kulifufua!

Nakubali, shingo upande, kwamba anwani yenye kikoa chako inaleta heshima mbele ya wateja. Basi iwekwe kwenye kadi na kwenye ukurasa wa mawasiliano, maana ukurasa wa ankara hauna mgeni wa kumvutia. Akaunti ya upangishaji ipewe anwani iliyo kwa mtoa huduma mwingine kabisa, isiyotegemea chochote kilichomo ndani ya akaunti hiyo.

Anwani binafsi ya fundi aliyekutengenezea tovuti nayo haifai: siku mkikosana, utaomba ruhusa ya kuingia kwako mwenyewe.

Wapo watakaokimbilia kufungua sanduku jipya la bure, waliandikishe, kisha walisahau. Hao nao wajue kwamba Google, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2023 kuwa inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Anwani inayofaa ni ile unayoifungua kila siku kwa shughuli zako nyingine, na kampuni ikiruhusu anwani ya pili, ijaze.

Chama kile kilitumia siku sita kuthibitisha umiliki kwa nyaraka, huku mwenyekiti akihesabu siku zilizobaki kabla kikoa hakijafutwa. Walirudishiwa. Juzi nikapokea barua ndefu ya shukrani, iliyotumwa kutoka anwani ileile ya chama, nami nikamjibu kwa kumwuliza kama ameshaibadilisha kwenye akaunti. Hadi ninapoandika haya, hajanijibu.