Nge apewe jina, ila GPS wabaki nayo

Huku Lindi nge akionekana chini ya majani ya mikorosho ni kandambili tu, hamna mjadala. Sasa mwambie mtu kuna watafiti wanakesha msituni na tochi ya mwanga wa zambarau, kama ile ya kukagulia noti feki, nge akimulikwa anang'aa kijani, halafu wakahesabu meno ya vile vitana vyake vya tumboni na vinyweleo vya kwenye magando ili wajue ni aina mpya au ndo yuleyule wa siku zote. Atakucheka. Nge ni nge bwana.

Wengine hawacheki, wana hoja za kupinga nge mpya apewe jina la kisayansi na kutangazwa. Kuna kidonda cha Tendaguru: 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho huku kwetu, wazee wetu wakaibeba kichwani mpaka bandarini Lindi, leo lidude limesimama Berlin na sisi tunaliangalia kwenye simu. Kwa hiyo mtu akisikia nge wa msitu wa kwao katiwa kwenye chupa ya spiriti awe ndo kielelezo cha jina, na chupa iende Ulaya, akinuna namuelewa kabisa. Ila hilo linarekebishika, chupa ibaki nchini.

Hoja nzito ni kwamba ukitangaza umewaonyesha njia wafanyabiashara. Hapo kila mtu anamtaja yule mjusi wa bluu wa Kimboza, Morogoro, walikamatwa kwa maelfu, mpaka mikadi wanamoishi ikakatwa ili wafikiwe, wakaenda kufugwa kwenye vioo vya watu huko ng'ambo. Inauma. Lakini hebu angalia miaka! Jina alipewa 1952, biashara imekuja kuchachamaa miaka ya 2000, yaani nusu karne nzima ana jina lake na yuko zake msituni, sasa jina lina kosa gani? Lililommaliza ni soko. Na kilichokuja kumkinga 2017, alipoingizwa daraja la juu kabisa la CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ni kwamba alikuwa na jina la kuandikwa, maana orodha ile ni ya majina. Nge wakubwa weusi wa Afrika Magharibi wamo kwenye orodha hiyo, daraja la pili, tangu 1995. Wa kwetu asiye na jina akipakiwa kwenye boksi, nani ataulizwa kapungua wangapi?

Tena mfano tunao nyumbani. Komba wa Rondo, hapahapa Lindi, mpaka katikati ya miaka ya 1990 alikuwa komba tu kama komba wengine, alipopewa jina lake haikupita miaka kumi na mbili yumo kwenye orodha ya dunia ya jamii ya nyani 25 walio hatarini zaidi.

Ninapokubaliana na wapinzani ni kwenye GPS, yaani namba za ramani zinazoonyesha mahali hasa alipokutwa. Andika msitu na wilaya, inatosha, namba za lile jiwe alilokutwa chini yake zikae kwenye daftari la makumbusho. Na yule kijana wa kijijini aliyetangulia mbele usiku na panga lake naye atajwe, maana mara nyingi yeye ndo alimuona wa kwanza.