Kaka yangu na mshika mawili, na yule mama wa bereti nyekundu

Juzi kwenye grupu la familia kaka yangu karudia wimbo wake, eti mimi huku Warszawa, Polandi, nimekuwa mtu wa kuungaunga, asubuhi niko ghalani napanga vifurushi, jioni nasuka nywele za watu sebuleni, wikiendi niko uwanjani nakimbizana na mpira na umri huu, "na ile diploma ya uhasibu tuliyoiuzia ng'ombe iko wapi?" Akamalizia na mshika mawili moja humponyoka. Sikumjibu maana kazini simu unaiacha kwenye kabati, ila zamu nzima napanga maboksi huku namjibu kichwani, basi nikasema leo niandike niimalize.

Kaka, huku kulikuwa na mama mmoja anaitwa Halina Konopacka, kazaliwa 1900 kamji kadogo kanaitwa Rawa Mazowiecka. Mi mwenyewe nilimjua kupitia bibi jirani yangu, maana nilimwambia mimi kwetu ni Tengeru, kule Arusha, akashika kifua, anaijua! Wakati wa vita ya pili ya dunia Wapolandi karibu 5,000 waliishi kambini pale Tengeru, wengi kina mama na watoto waliotokea Siberia wakapitia Iran, na wale waliokufa makaburi yao si unayaona mwenyewe kule. Basi tangu siku hiyo nikawa kama ndugu, kila nikipita naitwa chai, na siku moja kaniona na viatu vya mpira begani akaanza habari za Konopacka.

Huyu dada hakuwa na mchezo mmoja. Alikuwa anateleza kwenye theluji, anacheza tenisi, anacheza kikapu na mpira wa mikono, anapanda farasi, anaendesha gari kwenye mashindano enzi ambazo mwanamke kushika usukani tu watu wanageuka. Juu ya hapo anaandika mashairi, na sio yale ya kujifurahisha chumbani, 1929 alitoa kitabu. Akiwa mwanafunzi pale chuo kikuu cha Warszawa kwenye klabu ya wanafunzi, AZS, ambayo mpaka leo ipo, ndo akaingia kwenye riadha, na kilichomtoa ni kurusha kisahani. Unakikumbuka kisahani kaka, kile cha shule kilichopasuka kwenye mbao tukakifunga waya?

Tarehe 31 Julai 1928, Amsterdam, ndo mara ya kwanza wanawake wanaruhusiwa riadha kwenye Olimpiki, na waliruhusiwa vitu vitano tu: mita 100, mita 800, kupokezana vijiti, kuruka juu na kisahani. Konopacka akaingia uwanjani na bereti yake nyekundu akarusha mita 39.62, rekodi ya dunia, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza kabisa ya Polandi kwenye Olimpiki. Nchi yenyewe ilikuwa na miaka kumi tu tangu irudi kwenye ramani, halafu anayepigisha wimbo wao wa taifa mbele ya dunia ni mwanamke. Na zile mita 800 unajua kilichotokea? Magazeti yakavumisha kwamba kina dada walidondoka hovyo baada ya kumaliza, wakubwa wakaiondoa, haikurudi hadi 1960.

Sasa turudi kwetu maana hapa ndo ninapotaka kusemea. Sisi hatuanzi na mchezo mmoja hata siku moja. Mtoto wa Tengeru anacheza rede, anacheza mpira wa makaratasi na wavulana, anakimbia na ndoo kichwani, kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, unamkuta huyo huyo kwenye netiboli, mita 200 na kuruka chini. Mimi nilikuwa hivyo na wewe ulikuwepo unashangilia kwenye kichuguu. Halafu unafika kidato cha tatu mwalimu anakuita ofisini, anakwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba msichana mwenye akili hapotezi muda na mipira, na nyumbani nao wanatikisa kichwa kukubali. Nilirudisha jezi siku ile ile, sikugusa mpira miaka kumi na moja. Sikudai kwamba ningekuwa Konopacka, sina huo urefu, ila nani kasema lazima uwe bingwa ndo uruhusiwe kucheza?

Na huku nako wasikudanganye kaka, sio pepo. Mtoto wa miaka saba anapelekwa klabu moja analipiwa kila mwezi, kuogelea ni kuogelea tu, mzazi ameshika ratiba kwenye simu anamharakisha na ndizi mkononi. Wa kucheza vyote ni yule ambaye wazazi wanavyo. Konopacka mwenyewe hakuwa mtu wa dhiki, skii na tenisi miaka ile haukuvikuta kwa mtoto wa mkulima, na mwaka ule ule wa 1928 aliolewa na Ignacy Matuszewski ambaye baadaye kidogo akawa waziri wa fedha. Kwa hiyo sikuletei hadithi ya yatima aliyetoboa.

Ila kilichonikaa ni yaliyofuata. Septemba 1939 Wajerumani wanaingia, dhahabu ya benki kuu ya Polandi, tani zaidi ya 70, inatakiwa itoke nchini kabla haijakamatwa, na mmoja wa waliosimamia safari ni mumewe. Wakaipakia kwenye mabasi na malori, na Konopacka yule wa mashindano ya magari akashika usukani wa basi mojawapo kuelekea mpaka wa Romania. Ikatoka Romania kwa meli hadi Uturuki, Lebanon, Ufaransa, na Ufaransa ilipoanguka ikaishia Afrika, Dakar na baadaye Kayes, Mali ya leo. Yaani dhahabu yao na hata wale watoto wa kambi ya Tengeru walikuja kujificha kwetu Afrika, halafu leo mimi napanga foleni ya karatasi ya ukaazi toka saa kumi na moja alfajiri na dada wa dirishani haniangalii usoni, haya.

Yeye na mumewe wakafika Marekani 1941, mume akafariki 1946 kule New York. Mama wa dhahabu ya Olimpiki, mke wa waziri, yuko ugenini bila nchi, maana Polandi ya wakomunisti haikuwa na nafasi kwa watu kama wao. Unadhani alikula medali? Alifundisha watu skii, alifungua duka la nguo, uzeeni Florida akawa anachora picha. Alifia huko Januari 1989, miezi michache kabla ule utawala haujaanguka, na majivu yake ndo yakarudi Warszawa.

Kwa hiyo ukiniambia mshika mawili, mi nakwambia ugenini mshika moja ndo linamponyoka. Diploma ilikuja na mimi kwenye ndege, haijanilipia hata nauli ya tramu. Mikono ya kusuka imelipa kodi ya nyumba. Na mpira umenipa watu, ingawa nilipofika nikiulizia netiboli wananitolea macho, hawaujui, nikaishia kwenye kikapu na kina mama wa mtaa. Mpaka leo nikidaka mpira nasimama dede kwa mguu mmoja natafuta wa kumpasia, wenzangu wanapiga kelele kimbia, kimbia! na mimi mwili unakataa, unasubiri filimbi ya yule refa wa Arusha.

Novemba mosi, siku yao ya marehemu, nilimsindikiza bibi makaburi ya Bródno. Ni makubwa kaka, unatembea mpaka miguu inauma, na mishumaa kwenye vikopo vya vioo kila kaburi, jioni pote pekundu. Tulipofika kwa Konopacka bibi akaweka mmoja, akanipa na mimi mmoja niweke. Nikampigia mama video aone. Mama kaangalia kimya, halafu kaniuliza kwa hiyo wale wa huku Tengeru, bibi yako angependa mtu akawawashie? Nikamtafsiria bibi. Hakujibu, akafungua pochi akaanza kuhesabu hela.