Gwaride la Kupigwa Mmekaa

Nyimbo za gwaride zina bahati mbaya moja: kila mtu anadhani anazijua. Ukitaja bendi ya shule, watu huona sare, viatu vilivyong'arishwa na ngoma kubwa ikidunda. Nami nimepiga nyimbo za namna hiyo nikitembea, klarineti ikinigonga meno kila nilipokanyaga shimo, wala sizichukii. Ila gwaride ninalolipenda kuliko yote hatukulipigia hata hatua moja. Tulilipiga tumekaa vitini, karatasi za noti mbele yetu.

Ni sehemu ya mwisho ya First Suite in E-flat, mfululizo wa vipande vya bendi wa mtunzi Gustav Holst, Mwingereza aliyeuandika mwaka 1909. Sehemu ni tatu: Chaconne, Intermezzo, kisha March, yaani gwaride lenyewe. Enzi hizo bendi za kijeshi zilipokuwa ukumbini zilipiga zaidi muziki wa kuazima, vipande vya opera na vya okestra vilivyopangwa upya ili vifae tarumbeta na klarineti. Holst akaziandikia muziki wa kwao.

March inaanza kwa kishindo. Sisi wa klarineti na filimbi tunatetemesha noti za juu kidogo tu, kisha tunanyamazishwa. Wimbo wa kwanza ni wa ala za shaba: mfupi, mkavu, una kiburi. Unakaa na klarineti mapajani ukihesabu vipimo vya kimya, yale mafungu ya mapigo usiyopiga, huku matromboni yakikupulizia kisogoni. Kuhesabu kimya ni kazi ngumu kuliko kupiga. Anayepiga akipotea husikiliza jirani yake akarudi njiani. Anayehesabu akipotea jirani naye anahesabu, na huwezi kumuuliza.

Ndipo sauti inapungua, ufunguo unabadilika, na klarineti zinaingia na wimbo wa pili, chini kabisa.

Anayeijua klarineti atanielewa. Sauti zake za chini ni nzito na tamu, za juu zina makali, na katikati pana mpaka. Ukiuvuka kwenda juu, vidole vinavyotakiwa kufunga matundu ni vingi kwa mara moja, na kimoja kikichelewa ala inapiga yowe ambalo ukumbi mzima unalisikia. Magwaride mengi huwavusha wanafunzi mpaka huo huku na huku tangu mwanzo hadi mwisho. Holst hapa anatuweka chini, mahali ambapo hata mpigaji wa kawaida ana sauti ya kupendeza, na anatukabidhi wimbo mrefu ambao hauna haraka ya kwenda popote.

Urefu huo ndio mtihani wenyewe. Pafu la mwanafunzi haliwezi kuubeba bila kuvuta hewa, na safu nzima ikivuta hewa mahali pamoja wimbo unakatikakatika. Mwalimu wetu alitupanga wawili wawili: jirani yako akipumua, wewe shikilia, wewe ukipumua, yeye ashikilie. Mimi na mwenzangu tuliyeshiriki naye stendi ya karatasi za noti tuliweka alama kwa penseli, mikato midogo juu ya noti, yake upande huu na yangu upande ule. Mwanzoni haikusaidia kitu, kwa sababu kila mtu alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Polepole tukajifunza kusikiliza pumzi ya mtu wa pembeni. Siku ilipokubali, wimbo ulitoka mwanzo hadi mwisho bila mshono, na mwenzangu akanikanyaga mguu kwa furaha, maana mdomo ulikuwa kazini.

Kisha unakuja ufundi wa Holst. Zile nyimbo mbili, ule wa kiburi na huu wa kwetu, ambazo ulidhani hazina undugu wowote, zinapigwa pamoja, moja juu ya nyingine, na zinaoana. Ukiwa msikilizaji ni jambo la kufurahisha. Ukiwa ndani ya bendi, unaushika wimbo wako huku wa wengine ukikupita masikioni, na kwa mara ya kwanza unaelewa kwa nini ulikaa kimya ukiwasikiliza wale wa shaba.

Hapa nina ugomvi kidogo na baadhi ya walimu wa bendi. Wengi huchomoa March peke yake na kuifanya ya kufungia tamasha, kwa kuwa ina kelele na watu watapiga makofi. Nawaelewa, muda wa mazoezi hautoshi kamwe. Lakini Holst aliomba sehemu zote tatu zipigwe mfululizo bila kusimama, kwa sababu zote zimejengwa juu ya kauli moja ya muziki. Chaconne inaanza na wimbo wa vipimo vinane, chini kwenye tuba, ambao noti zake za kwanza zinapanda. Kwenye March, kauli hiyo hiyo imepinduliwa na sasa inashuka. Sisi tulianza na March, tukaletewa sehemu nyingine baadaye. Aliyegundua alikuwa mpiga tromboni mmoja, ambaye katikati ya mazoezi ya Chaconne aliimba kwa sauti, "Si ndiyo ile ile, imegeuzwa?" Mwalimu alicheka tu. Nadhani alikuwa anasubiri mmoja wetu aseme.

Najua wapenzi wa John Philip Sousa, Mmarekani mtunzi wa magwaride, hawatakubaliana nami. The Stars and Stripes Forever, aliyoitunga mwaka 1896, ni kazi kubwa, na Marekani iliifanya gwaride lake rasmi la taifa mwaka 1987. Filimbi ndogo inapoanza kurukaruka juu ya bendi nzima, hata mimi huinua kichwa. Lakini muulize mpiga honi, ile ala ya shaba iliyoviringwa, alifanya nini muda mwingi: pa, pa, pa, nyuma ya kila pigo. Bila yeye gwaride halitembei, nakubali. Ila sijakutana na mpiga honi anayeuimba mstari wake huo akiwa nyumbani.

Wapiga tromboni hudai March ya Holst ni mali yao, na wana hoja. Holst mwenyewe alikuwa mpiga tromboni. Maumivu ya mkono wa kulia yalimzuia kuishi kwa piano, akapiga tromboni kwenye okestra ili kupata riziki. Kwa hiyo wale wa safu ya nyuma waliandikiwa na mtu wa kwao, na mwanzo wanautawala kweli. Lakini ule wimbo mrefu wa kuimbika aliwapa klarineti, tena za chini, na hilo nimewaambia mara nyingi.