Baridi ya Mbeya haijabandua tailizi za mtu

Juzi kati shemeji yangu wa Uyole kanipigia simu usiku, anahema, eti sebuleni kumelia "paa!" wakaruka wote kitandani. Wakadhani mwizi. Wakadhani tetemeko, maana huku kwenye Bonde la Ufa kutikiswa kidogo siyo habari mpya. Kuwasha taa wanakuta mstari mzima wa tailizi katikati ya sebule umenyanyuka, mbili zimeegemeana. Kwenye grupu la familia mmoja kaandika wachawi, na fundi aliyeziweka alivyokuja asubuhi, mikono mfukoni, kaangalia weee halafu akasema, "Bosi hii ni baridi tu, Mbeya ndivyo ilivyo."

Jamani nimechoka na hii baridi. Kila Juni na Julai inasingiziwa. Makete kuna baridi kuliko sisi, Njombe vile vile, na kuna nyumba kule tailizi zimetulia miaka na miaka. Huko Ulaya kwenye theluji wanakanyaga nini, mikeka?

Nilienda nikageuza tailizi moja, zile za sitini kwa sitini. Mgongo msafi, unga mweupe wa kiwandani bado upo, hata nembo unasoma vizuri. Chini kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, kuna madonge matano ya udongo wa simenti, manne pembeni na moja katikati, yamekauka na umbo lake kama maandazi, na katikati yake ni hewa tupu. Yaani hiyo sebule miaka yote walikuwa wanatembea juu ya madonge! Halafu ukutani fundi kazisukuma hadi zimegusana na plasta, hamna hata nafasi ya kupitisha kisu.

Sasa mambo yako hivi. Zege likikauka linasinyaa, kidogo kidogo, kwa miezi, na tailizi ya posileni, hizi ngumu za kisasa, yenyewe haisinyai, kwa hiyo chini panapungua juu panabaki vile vile, tailizi zinabanana. Kama umeacha nafasi ya milimita tano mpaka kumi pembeni mwa ukuta (skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inaificha, hakuna atakayeiona) basi zina pa kupumulia. Usipoacha, zinavumilia mpaka siku zinashindwa, zinatafuta njia, na njia iliyobaki ni juu. Usiku wa baridi sakafu inasinyaa kidogo zaidi, ndio hiyo "paa!". Baridi imemalizia tu kazi ambayo fundi aliianza mwenyewe.

Haya, nakubali kwa shingo upande, baridi ina sehemu yake. Simenti inakomaa taratibu kukiwa na baridi. Zile siku 28 tunazohesabu ni za hali ya hewa ya kawaida, siyo za Julai ya kwetu ambayo usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Lakini hiyo ni sababu ya kusubiri zaidi, na mafundi wetu ndio kwanza wanakimbizana, jamvi limemwagwa juzi leo maboksi yanafunguliwa kwa sababu mwenye nyumba anataka kuhamia haraka.

Na jamani hili la kuloweka tailizi kwenye beseni. Zile za zamani zilikuwa zinakunywa maji, sawa, ulikuwa unaloweka zisifyonze maji ya simenti. Posileni inakunywa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, unailoweka ili iweje? Simenti tupu haishiki vizuri kwenye kitu kisichofyonza. Inataka gundi ya tailizi, unafuta kwanza ule unga wa mgongoni, unapaka gundi sakafuni kwa mwiko wenye meno, mgongoni unapaka safu nyembamba tena, ndipo unaigandamiza.

Ila mafundi siwalaumu peke yao, na hapa ndipo najua nitatukanwa. Wenye nyumba ndio tumeharibu hii kazi. Mtu ananunua geti la mamilioni, jipsamu yenye taa za rangi saba, tailizi anazifuata sokoni Mwanjelwa anachagua nusu siku, akifika kwa fundi anaanza kulia bei, "mwenzako kaniambia pungufu." Na tunalipa kwa skwea mita! Ukimlipa mtu kwa mita atakupa mita. Kupima jamvi kwa pima maji na kujaza mabonde hakuna mita, kusubiri hakuna mita, kufuta unga hakuna mita. Madonge matano yanamaliza chumba kabla ya chai ya saa nne, kwa nini asipige madonge? Lipa maandalizi ya sakafu kama kazi yake peke yake, na kiasi kingine kibaki mfukoni mwako mpaka wiki kadhaa zipite, ugonge tailizi moja moja kwa sarafu ya mia mbili, inayolia tupu airudie. Fundi mzuri atakubali. Anayenuna umeshamjua.

Bafuni dai mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, basi. Maboksi mawili matatu ya akiba weka stoo, ukirudi dukani mwakani hiyo rangi imekwisha. Tailizi juu ya tailizi inawezekana, kama za chini zote zimeshika, hakuna inayolia tupu, na milango haitakwama, ingawa mimi siipendi. Na tuna msitu wa mbao wa Sao Hill hapo Mafinga tunaogopa sakafu za mbao, lakini hilo lina siku yake.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Kubandua. Wale vijana wanaoletwa kukata na grenda, mlango umefungwa vumbi lisiende jikoni, wamejifunga tisheti puani, chumba chote cheupe humwoni mtu. Vumbi la zege na tailizi lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, linaingia kwenye mapafu linakaa humo, halitoki, na mtu anakuja kukohoa akiwa na watoto wa kusomesha. Madirisha yafunguliwe, na wakate kwa mashine iliyotengenezwa kukata kwa maji, siyo kumwagia maji grenda ya umeme. Na wewe mwenye nyumba nunua barakoa za vumbi, siyo zile za bluu za Korona, uwape kabla hujawauliza bei kwa mita.